Dogo kamaliza Fomu Siksi Lupaso? Usizime simu!

Najua uko Sinza, Tandika au Mbagala, unahangaika na maisha, mshiko wenyewe wa kuungaunga. Mara simu inalia saa mbili usiku. Ni baba, kutoka Lupaso, kule Masasi. Leo hana salamu ndefu kama kawaida yake. "Matokeo ya mdogo wako yametoka. Kafaulu. Sasa wewe ndiye uko mjini, utajua cha kufanya." Kabla hujajibu simu inakatika, salio la mzee limekwisha.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoanza kupiga chenga. Utamsikia mtu kijiweni, "Mimi mwenyewe chuo nakisikia kwenye redio, nitamsaidiaje?" Acha hizo, mtu wangu! Hata mimi ninayeandika hapa niliishia sekondari. Kumsaidia mtu kuomba chuo hakuhitaji digrii. Kunahitaji macho ya kusoma maelezo, kalenda ukutani na roho ya kufuatilia. Basi.

KUTOKA LUPASO HADI MAKERERE

Kwanza nikutoe unyonge. Lupaso si mahali pa mtu kusema "kwetu hakuna msomi". Huko ndiko kwao Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, aliyezaliwa mwaka 1938 na kuzikwa palepale kijijini Julai 2020. Alipitia Ndanda, akaenda seminari ya Kigonsera, akapita Pugu, halafu akaibukia Makerere, Uganda, alikomaliza digrii yake mwaka 1962.

Kwa nini Kampala yote ile? Kwa sababu wakati anaingia, Tanganyika ilikuwa haina chuo kikuu hata cha dawa. Cha kwanza kilianza Oktoba 1961 pale Mtaa wa Lumumba, Dar, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 14, wote wa sheria.

Leo mambo ni mengine kabisa. Kuna Mlimani, kuna Sokoine na Mzumbe kule Morogoro, kuna Dodoma tangu mwaka 2007, na Mtwara penyewe kuna Stella Maris. Milango imekuwa mingi. Ila milango ikiwa mingi, na funguo nazo huwa nyingi, na hapo ndipo mtoto wa kijijini anapopotea. Kuanzia mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 kila mwombaji anabisha hodi mwenyewe kwenye chuo anachokitaka. Hakuna tena wa kumpangia foleni.

MAJINA MATATU, MTU MMOJA

Tuanze na kitu kidogo kinacholiza wengi: jina. Wewe wa kusini unajua mambo yetu. Mtoto amebatizwa Kanisani kwa jina moja. Ameingia jandoni, akatoka na jina jingine. Shuleni mwalimu wa darasa la kwanza akaandika alivyosikia. Mwisho wa yote cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha Fomu Foo kinasema vile, na kitambulisho cha NIDA kina lake. Kijijini hilo si tatizo, wote wanamjua ni nani. Kompyuta haimjui!

Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla matokeo hayajatoka, mwambie dogo akupigie picha vyeti vyote. Viweke mezani kimoja baada ya kingine, usome herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, mwende kwa mwanasheria mtafute hati ya kisheria ya kuthibitisha kuwa hao wote ni mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa nacho kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na kazi hiyo haimalizwi kwa dakika tano. Kama mzazi amefariki, cheti chake cha kifo nacho kinahakikiwa hukohuko. Mtu anayesubiri wiki ya mwisho ndiye utakayemkuta anabanana foleni huku machozi yanamlengalenga.

SOMA MAKSI KABLA YA KUOTA

Sasa tuje kwenye kozi. Hapa nyumba nyingi huwaka moto. Baba anataka daktari. Mama anataka mwalimu. Mjomba, ambaye kwa Wamakua, Wayao na Wamakonde neno lake ni zito, anataka mwanasheria ili ukoo ushinde kesi ya mashamba. Wewe wa mjini unataka kitu cha kompyuta kwa sababu umeona jirani yako anavyoendesha gari. Dogo mwenyewe kakaa kwenye mkeka, hakuna aliyemuuliza.

Muulize! Mpigie, zungumza naye kama mtu mzima.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Hebu niambie ukweli, wewe mwenyewe unataka nini?"

"Mimi napenda kilimo, ila baba atakasirika."

Hapo umeshafanya kazi kubwa kuliko ya kujaza fomu. Baba utampoza wewe, kwa lugha yenu, polepole.

Baada ya ndoto, rudini kwenye namba. Kwa waliomaliza kuanzia mwaka 2016, kiwango cha chini cha kuingia digrii ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, tena kwenye masomo yanayotakiwa na kozi yenyewe. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Maana yake D mbili zinabisha hodi, na C moja na E moja nazo zinabisha hodi. S siyo prinsipo, msidanganyane. Na kubisha hodi siyo kufunguliwa: kozi nyingi zina masharti yake juu ya hayo, na wenye maksi kubwa ndio wanaotangulia. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu. Mtu wa HKL hata akiomba kwa kufunga siku arobaini, hapo hapiti.

TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka chenye masharti ya kila kozi, na kinapatikana mtandaoni. Kisomeni wote wawili. Halafu changanyeni karata: kozi moja ya ndoto, moja ya katikati, na moja ambayo kwa maksi zake haina wasiwasi. Na kama maksi ni chache, msimcheke. Diploma yenye wastani wa GPA 3.0 nayo ni mlango wa kuingilia digrii. Watu kibao wamepitia hapo, leo wanatuita ofisini kwao.

DOGO YUKO KAMBINI, SIMU IKO WAPI?

Hili wengi hawalifikirii. Tangu mwaka 2013, JKT ya mujibu wa sheria ilirudi baada ya kusimama mwaka 1994. Wanaomaliza Fomu Siksi huitwa kambini muda mfupi baada ya mtihani wa Mei, na matokeo kwa kawaida hutoka Julai. Hesabu mwenyewe. Wakati madirisha ya vyuo na mikopo yanafunguliwa, kijana wako anaweza kuwa anakimbia mchakamchaka mahali fulani, na kule simu siyo ya kuchezea.

Kwa hiyo kabla hajapanda basi, kaeni pamoja. Fungueni barua pepe yake, kwa jina lake. Laini ya simu iwe yake, siyo ya rafiki, siyo ya mwenye duka. Namba za siri ziandikwe kwenye daftari, daftari likae kwa mama. Vyeti vipigwe nakala na vibaki nyumbani.

Na hapa nipaze sauti kidogo: jihadharini na vishoka! Mjini kila steshenari ina mjanja anayesema, "Nipe vyeti, nipe hela, nitakuombea kila kitu." Anajaza kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Siku chuo kinapotuma ujumbe, unakwenda kwa yule jamaa, na jamaa hapokei simu. Mwenye steshenari akuuzie karatasi na muda wa kompyuta. Funguo za maisha ya mdogo wako usimwachie.

BUMU LINA MASHARTI

Bila mkopo, nyumba nyingi za Lupaso haziwezi. Bodi ya Mikopo ilianzishwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, wakati huyohuyo Mkapa akiwa Ikulu, ikaanza kazi Julai 2005. Hela yake ya kujikimu ndiyo vijana wa vyuoni wanaiita bumu. Mwaka wa masomo 2022/23 ilipandishwa kutoka Sh. 8,500 hadi Sh. 10,000 kwa siku.

Maombi ya mkopo ni kitu tofauti na maombi ya chuo. Sikiliza vizuri: kupata chuo siyo kupata mkopo. Ada ya kuomba mkopo kwa miaka mingi imekuwa Sh. 30,000. Fomu inachapishwa, inasainiwa na kiongozi wa serikali ya kijiji, inapita kwa kamishna wa viapo, mdhamini anaweka picha na kitambulisho, kisha inapakiwa tena kwenye mfumo. Saini moja ikikosekana, mzigo wote unaning'inia. Kama kaya yenu imo TASAF, sema. Kama dogo ni yatima, sema na uweke uthibitisho. Hapo siyo mahali pa kuona aibu. Na namba ya mtihani ya Fomu Foo aliyoombea chuo iwe ileile aliyoombea mkopo.

Mweleze pia kuwa huo ni mkopo, siyo sadaka. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara. Nafuu ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni ilifutwa mwaka 2021. Na kama dogo ni kichwa cha sayansi, achungulie ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022/23 kwa waliofaulu sana masomo hayo.

KOROSHO NA KALENDA

Sasa tufike kwenye kiini chenyewe. Kwetu hela inatoka juu ya mti. Minada ya korosho huanza kama Oktoba, na malipo yanapitia chama cha msingi, hivyo mkulima anaweza kushika fedha yake Novemba au Desemba. Lakini ada za maombi, vyeti, nauli ya kwenda Masasi mjini kwa kamishna wa viapo, vyote vinataka hela kati ya Julai na Septemba. Chuo nacho hufungua milango Oktoba au Novemba, kinataka malipo, godoro na nauli ya basi.

Umeona pengo? Ndani ya pengo hilo ndimo anamokaa mtu wa kangomba. Anamjia mzee Agosti, mkorosho bado una maua, anamwambia, "Chukua hiki, tutamalizana msimu ukifika." Mzee anachukua kwa sababu mtoto anatakiwa alipie fomu. Msimu ukifika, magunia yanaondoka kwa bei ya kutupa, na ndugu wengine watatu wanaofuata shule wanabaki wanatazama. Kwa Sh. 30,000 tu, nyumba imeuza mwaka mzima. Tena kangomba yenyewe imepigwa marufuku.

Hapa ndipo wewe wa mjini una kazi ambayo mwingine haiwezi. Hakuna anayekudai ulipe ada ya chuo. Beba hizi ndogondogo za miezi mitatu. Pitisheni mchango, wewe, dada, mama mdogo, binamu wa Mtwara. Viwalo vipya vinaweza kusubiri, mzee asifunguliwe mlango wa kangomba.

TAREHE YA MWISHO NI YA MWISHO

Majibu yakitoka, kuna mtego mmoja bado. Kama kachaguliwa vyuo viwili au zaidi, anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Asipothibitisha kwa wakati, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mtakuja kusema mmerogwa. Akikosa awamu ya kwanza, huwa kuna awamu nyingine zinazofuata. Kukosa siyo kifo. Soma tena maksi, badilini karata, ombeni upya.

Na kama dogo mwenyewe ni msichana, mtetee mara mbili. Wazee wetu wengine wakisikia Dodoma au Morogoro wanaona mbali kama mwezini, halafu posa ndiyo inayoonekana karibu. Mtafute shangazi au mjomba mwenye busara, msimwache binti apigane peke yake.

Haya, nafasi imekwisha, tukutane wiki ijayo. Ila kama una ndugu mwenye vyeti mkononi, hebu liweke gazeti chini kwanza. Mpigie umuulize jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Akutajie herufi kwa herufi.