Udongo wa Kichanga wa Isiolo: Kasoro Pwani, Akiba Nyikani

Udongo wa kichanga wenye kina ni ule ambao mchimbaji hushuka mita moja na zaidi bila kukuta mwamba, tabaka gumu wala mfinyanzi. Chembe zake huachiana nafasi pana, na maji yakimwagwa juu yake hayatuami. Hushuka moja kwa moja hadi chini ya mizizi ya mazao. Wataalamu huuweka katika daraja la udongo unaopitisha maji kupita kiasi. Makao yake yanayojulikana zaidi nchini Kenya ni pwani, kuanzia vilima vya mchanga vya Shela kisiwani Lamu hadi mashamba ya minazi na mikorosho ya Kilifi. Hata hivyo, udongo wa tabia hiyohiyo uko pia Isiolo, mamia ya kilomita kutoka baharini, na huko hukumu yake hubadilika. Sifa inayomkera mkulima wa pwani ndiyo inayomfaa mfugaji wa nyika.

Namna unavyotambulika

Aina za udongo hutofautishwa kwanza kwa ukubwa wa chembe. Chembe ya mchanga ina kipenyo cha kati ya milimita 0.05 na 2, ilhali ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Mkono mtupu unatosha kuzipambanua. Udongo wa mfinyanzi ukiloweshwa na kufinywa kati ya kidole gumba na cha shahada hutoka utepe mrefu. Wa kichanga humeguka kabla haujashika umbo, wala hauachi uchafu mwingi mkononi. Ukuta wa shimo nao hutoa ushahidi wake. Katika mchanga unaopitisha maji vizuri, rangi huwa karibu moja kutoka juu hadi chini, iwe nyeupe, ya manjano au nyekundu, bila madoa ya kijivu na kutu yanayoonyesha kwamba maji hutuama hapo kwa muda.

Mchanga wa Isiolo una alama nyingine inayoonekana kwa macho. Ukitekwa kutoka katika laga, yaani mto wa msimu ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, huwa na vipande vyembamba vya mika vinavyometa juani, pamoja na punje nyeupe za kwazi na nyingine za rangi ya waridi. Alama hizo zinaeleza asili yake.

Ulikotoka

Sehemu kubwa ya ardhi ya magharibi mwa Isiolo, kama vile Kipsing na Oldonyiro, imekaa juu ya miamba ya kale iliyopikwa na joto na shinikizo la ndani ya dunia, ikiwemo gnaisi. Miamba hiyo ni sehemu ya mkanda mrefu wa miamba unaopita Kenya na Tanzania hadi Msumbiji. Gnaisi ikiliwa na jua, mvua na mizizi, madini yake dhaifu huoza na kugeuka mfinyanzi, lakini kwazi haiozi kwa urahisi. Hubaki ikiwa punje. Mvua kubwa huzisomba punje hizo kutoka vilimani, na mwendo wa maji unapopungua, nzito hutua kwanza ndani ya laga na kandokando yake, huku mfinyanzi ukiendelea na safari.

Mto Ewaso Ng'iro hufanya kazi hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Hukusanya maji ya Mlima Kenya, safu ya Nyandarua na uwanda wa Laikipia, hupita Archer's Post na Merti, kisha huishia katika kinamasi cha Lorian. Kwa muda mrefu umekuwa ukitandaza mchanga, changarawe na tope katika tambarare za mashariki.

Si Isiolo yote iliyo ya mchanga. Lava ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene ilifika sehemu za kusini, na palipo na lava kuna mawe meusi na udongo mzito wa mfinyanzi. Tofauti hiyo madereva huijua vyema. Baada ya mvua, udongo mweusi huzamisha magurudumu kwa siku kadhaa, na barabara ya mchanga hupitika mapema. Wakati wa kiangazi, udongo mweusi huwa mgumu kama sakafu, na mchanga mkavu wa laga ndio unaonasa gari.

Maji na rutuba

Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, yanaonyesha kwamba mchanga hunywa zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa, wakati mfinyanzi hunywa kati ya milimita 1 na 5. Katika kuhifadhi, mambo hugeuka. Mita moja ya kina cha mchanga huwawekea mimea milimita 25 hadi 100 tu za maji, na mita moja ya mfinyanzi huweka milimita 175 hadi 250.

Hesabu hiyo ina maana kubwa shambani. Ikiwa mchanga unaweka milimita 60 kwa mita na mizizi ya mahindi imefika sentimita 60, mmea una akiba ya milimita 36. Chini ya jua la Isiolo, zao linalotumia milimita 6 kwa siku litaimaliza akiba hiyo kwa siku sita. Mvua ikichelewa wiki mbili, majani hukauka.

Rutuba hupotea kwa njia hiyohiyo. Chembe za mfinyanzi na mboji hushikilia virutubisho juu ya nyuso zake; punje ya kwazi haishiki karibu chochote. Naitrojeni ya mbolea ya dukani huyeyuka katika maji na kuzama nayo, na mbolea ikitiwa yote kwa mkupuo mmoja, sehemu kubwa hushuka mahali ambapo mzizi hauifikii. Ndiyo sababu pwani, penye mvua nyingi, udongo huu huhesabiwa kuwa maskini, na hufaa zaidi miti yenye mizizi ya kwenda mbali kama mkorosho na mnazi kuliko mazao ya msimu.

Kwa nini nyikani huwa bora

Maeneo ya Isiolo yaliyo karibu na mlima hupata takriban milimita 400 hadi 650 za mvua kwa mwaka, na yale makavu kabisa ya kaskazini na mashariki hupata milimita 150 hadi 250. Jua, kwa upande wake, lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Katika hali hiyo adui mkubwa wa maji ni uvukizi, si kule kuzama ardhini.

Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya mfinyanzi mkavu hulowesha sentimita chache tu za juu, na jua la siku zinazofuata huyarudisha maji karibu yote angani. Mvua hiyohiyo ikinyesha juu ya mchanga hufika kina cha sentimita 20 hivi. Tabaka la juu hukauka upesi, lakini kwa kuwa nafasi kati ya punje ni pana, maji ya chini hayawezi kupanda tena kwa wepesi. Mchanga mkavu wa juu huwa kifuniko cha unyevu ulio chini. Mwanaikolojia Imanuel Noy-Meir wa Israel aliieleza kanuni hiyo mwaka 1973: penye ukame, mimea hustawi zaidi juu ya mchanga, na penye mvua hustawi zaidi juu ya mfinyanzi. Mpaka wa mabadiliko aliukadiria kuwa kati ya milimita 300 na 500 za mvua kwa mwaka. Isiolo imepitiwa na mpaka huo.

Mimea yenyewe inathibitisha. Kandokando ya laga husimama migunga, mikoma na miswaki, ambayo huteremsha mizizi mchangani hadi kwenye unyevu na kubaki kijani wakati tambarare imekauka. Mathenge, mti wa kigeni ulioenezwa Kenya tangu miaka ya 1970, umeifuata nafasi hiyohiyo na kuwa kero kwa malisho. Wafugaji nao hupenda kuweka maboma juu ya mchanga, kwa kuwa haushiki tope la kuozesha kwato.

Ghala ndani ya laga

Laga iliyojaa mchanga hushika maji mengi katika nafasi zilizo kati ya punje, na robo hivi ya ujazo wake wote inaweza kutekwa. Vipimo vilivyofanywa katika mto wa mchanga wa Swakop, Namibia, vilionyesha kwamba maji yakishuka sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, uvukizi hupungua hadi karibu moja ya kumi ya ule wa maji yaliyo wazi. Kwa hiyo miezi baada ya mafuriko kupita, wakazi huchimba visima vifupi kitandani mwa laga na kunywesha ngamia, mbuzi na ng'ombe. Kadiri kiangazi kinavyoendelea, kisima huongezwa kina, na kuta huhitaji kuzuiwa kwa magogo au saruji, kwa maana mchanga mkavu hauna gundi na huweza kumfukia mchimbaji.

Pwani ina ghala la namna hiyo pia. Mvua inayozama katika vilima vya Shela huelea juu ya maji mazito ya chumvi, na mji wa Lamu umetegemea visima vya hapo. Kupandisha maji kupita kiasi huivuta chumvi. Mashariki mwa Isiolo, hifadhi ya maji ya Merti imo ndani ya mchanga na changarawe vilivyofukiwa; visima vyake huzidi kina cha mita 100, na ndivyo vilivyohudumia kambi za wakimbizi za Dadaab tangu zilipofunguliwa mwaka 1991.

Matumizi na hatari

Kwa kilimo, kanuni ni kidogo kidogo na mara kwa mara. Maji hutolewa kwa matone badala ya mifereji, mbolea hugawanywa kwa awamu, na samadi, ambayo bomani haikosekani, huongeza uwezo wa mchanga wa kushika maji na virutubisho. Matandazo ya nyasi hupunguza joto na kuzuia upepo usipeperushe tabaka la juu.

Wepesi wa kupitisha maji hupitisha uchafu pia. Choo cha shimo au zizi likiwa karibu na kisima, vijidudu husafiri pamoja na maji. Visima vya watu hustahili kutengwa na vya mifugo, viwe juu ya mkondo, na maji ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa.

Hatari nyingine ni uchotaji wa mchanga wa ujenzi. Lori la tani 10 hubeba takriban mita 6 za ujazo, ambazo zingeweza kutoa karibu lita 1,500 za maji kila laga inapojaa, sawa na jerikani 75 za lita 20. Mchanga ukiondolewa hadi kwenye mwamba, mafuriko hupita bila kuacha kitu, kingo hubomoka na visima vya jirani hukauka. Mahali penye mwamba ulio juu, lambo la mchanga, ambalo ni ukuta wa zege uliojengwa kukingama laga, hufanya kinyume chake: kila mafuriko huacha mchanga mpya nyuma ya ukuta, na akiba huongezeka. Mbinu hiyo imeenea Kitui, Makueni na Machakos. Inafaa pia katika laga za Isiolo zinazoshuka kutoka vilima vya gnaisi, kwani huko mchanga ni mwingi na mwamba hauko mbali.