"Analima" au "Hulima"? Msaada kwa Wazazi wa Mtoto Anayejifunza Kiingereza

Huenda mwaka huu mtoto wako ameingia kidato cha kwanza. Katika shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Sasa hesabu ni ile ile, lakini mwalimu anaieleza kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari huanza kunyamaza darasani, na mzazi hujiuliza: "Mimi sijui Kiingereza, nitamsaidiaje?" Usikate tamaa. Lipo jambo moja linalowakwaza wanafunzi wengi, nalo twaweza kulifahamu kwa Kiswahili chetu wenyewe: ni namna ya kusema jambo linalotendeka sasa hivi na ambalo bado halijaisha.

Tazama maneno haya: "Baba analima." Je, jembe liko mkononi mwake saa hii? Au amekaa kivulini, nasi twaeleza tu kwamba kazi yake ni ukulima? Maneno yenyewe hayatuambii. Twajua kwa mazungumzo. Kiingereza hakiachi jambo hilo hivyo. Kama jembe li mkononi, husema "Father is digging." Kama ni desturi yake ya kila msimu, husema "Father digs."

Usidhani tofauti hiyo ni ndogo. Wazee wa Benaco na wa Ngara nzima wanazikumbuka tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, wakaingia Tanzania. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani, na wengi wao hawakurudi kwao mpaka Desemba 1996. Wafanyakazi wa misaada walikuja kutoka nchi nyingi, na Kiingereza kikawa lugha ya kazi kambini.

Sasa fikiri juu ya maneno "Watu wanavuka daraja." Mpakani watu huvuka siku zote, na kwa Kiingereza hiyo ni "People cross the bridge." Habari hiyo haimshtui mtu. Lakini "People are crossing the bridge" maana yake wako darajani saa hii, na wengine wangali wanakuja. Anayesikia hivyo hujua kwamba maji, chakula na mahema vyatakiwa leo, si kesho.

Haya, mtoto atazitenganishaje? Mpe mzani huu. Achukue neno lake la Kiswahili, alipime kwa "yumo katika" na kwa "hu". Kama aweza kusema "Baba yumo katika kulima," atumie namna ya sasa hivi. Kama maana yake ni "Baba hulima," atumie namna ya desturi.

Kuijenga namna ya sasa hivi si kazi ngumu. Yapo maneno matatu ya kusaidia. Mimi huchukua "am". Mtu mmoja au kitu kimoja huchukua "is". Wewe, sisi na wao huchukua "are". Kisha kitendo huongezwa herufi "ing" mwishoni: "I am cooking", "she is cooking", "they are cooking". Wengi husahau lile neno la kusaidia, wakasema "I cooking". Hiyo ni sawa na jembe lisilo na mpini.

Kukataa ni kutia "not" katikati: "She is not cooking." Kuuliza ni kulitanguliza neno la kusaidia: "Is she cooking?"

Sasa kuna mitego miwili.

Mtego wa kwanza: twasema "ninajua" na "ninataka", basi mtoto husema "I am knowing" na "I am wanting". Hayo ni makosa. Rudi kwenye mzani: je, mtu husema "Nimo katika kujua"? Hasemi. Kujua, kutaka na kuamini si kazi inayoendelea mkononi. Kwa Kiingereza ni "I know", "I want", "I believe".

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa umejificha. Twasema "Mtoto amelala", "Mgeni amesimama", "Bibi amekaa". Kwa sababu ya "me", mwanafunzi hudhani jambo limekwisha. Lakini mtoto bado yu usingizini, na bibi bado yu kitini! Kwa hiyo Kiingereza husema "The child is sleeping", "The visitor is standing", "Grandmother is sitting." Kadhalika "amevaa kanzu" ni "he is wearing a kanzu".

Mazoezi hayahitaji fedha. Benaco ipo kwenye barabara kuu iendayo Rusumo, na malori hupita mchana na usiku. Mtoto na asimame mahali pa salama, mbali na barabara, aseme anachokiona: "The lorry is stopping. The driver is buying bananas. Two men are changing a tyre." Nanyi mlio mbali na barabara mna kuku, mbuzi na moto wa jikoni. Robo saa kila jioni yatosha.

Wewe mzazi, hata kama hujui neno moja la Kiingereza, keti naye. Kila asemapo sentensi, muulize kwa Kiswahili: "Sasa hivi, au siku zote?" Swali hilo moja litamfanya afikiri kabla ya kusema. Akikosea usimcheke, wala usiwaruhusu ndugu zake wamcheke, maana anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha. Haba na haba hujaza kibaba.