Wadudu Wasioonekana

Ndugu, ugonjwa wa kolera hauletwi na uchawi. Huletwa na wadudu wadogo sana, wasioonekana kwa macho. Wadudu hao hutoka katika mavi ya mgonjwa, huingia ndani ya maji, na mtu akiyanywa huharisha maji matupu. Karibu na Goma, mwezi wa 7 mwaka 1994, waliua maelfu ya wakimbizi.

Basi, chemsheni maji ya kunywa. Nendeni chooni, si porini wala mtoni. Naweni mikono kwa sabuni mkitoka chooni na mbele ya kula.

Mtu akiharisha, msimnyime maji, maana kukauka kwa mwili ndiko kunakoua. Changanyeni lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mnywesheni kidogo kidogo, mkimpeleka hospitali. Msingoje kesho.