Ngoma Zisiishie Chuoni

Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 huitwa TaSUBa, kimewafunza vijana wengi kupiga ngoma za makabila mbalimbali. Miongoni mwazo ni muheme ya Wagogo, ambayo kwa desturi hupigwa na wanawake. Kazi hiyo twaipongeza.

Lakini tusisahau kwamba chuo nacho kilifundishwa na vijiji. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha hapo, alitoka Ugogo na ujuzi alioupata kwa wazee wake.

Je, sisi wa Ilembula? Kijana wa Kibena akirudi likizo na mdundo wa muheme, ilhali haujui ule aliouchezea bibi yake, elimu yake ni nusu. Mpigaji mzee hana daftari. Azikwapo, mdundo wake huzikwa naye.

Kwa hiyo twazishauri shule zetu ziwaalike wazee hao, walau saa moja kila juma, nao wapewe heshima ya ualimu. Zana hazihitaji fedha za kigeni: miti ipo, ngozi zipo. Wazee ndio wanaopungua.

Mwacha asili ni mtumwa.