Setilaiti Inaona Majani, Haioni Sufuria



Tulipokaa na kikundi kimoja cha mwethya huko Kitui, mzee mmoja alituuliza: "Mnasema kuna chombo huko juu kinatuangalia. Mbona hakikuona mahindi yangu yakikauka?" Watu walicheka, lakini swali ni la maana na tuliahidi kulijibu hapa.

Setilaiti huzunguka dunia ikipiga picha kutoka juu sana. Kwa kazi ya ukame, kinachopimwa ni ukijani wa mimea. Unalinganishwa na ukijani wa wakati kama huo miaka iliyopita, kisha unapewa alama kutoka 0 hadi 100. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, yaani NDMA, hutoa alama hizo kila mwezi kwa kaunti kavu, Kitui na Makueni zikiwemo. Wastani wa miezi mitatu ukishuka chini ya 35, huo ni ukame. Chini ya 20 ni ukame mkali. Si mchezo. Huko Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera alama hizo zimetumiwa kuamua ni lini familia zaidi zipewe pesa za msaada.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Katika picha zinazotumika sana kwa kazi hii, nukta moja ni kama mita 250 kwa 250, karibu ekari 15. Shamba lako la ekari mbili limemezwa humo pamoja na vichaka vya jirani na miti ya mtoni. Tena mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo sisi Ukambani ndiyo tunaitegemea, inaweza kunyesha siku chache tu halafu ikapotea. Vichaka vinachipua, mbuzi wanapata kitu, picha inakuwa kijani. Mahindi nayo yameshanyauka kabla ya kubeba.

Ndiyo maana NDMA pia hutuma watu kwa nyumba kadhaa kila mwezi. Wanauliza bei ya mahindi na ya mbuzi, umbali wa maji, na kupima mikono ya watoto wadogo. Wakifika kwako, sema ukweli. Kuna wanaoongeza chumvi wakidhani gunia litakuja haraka, na kumbe wanaharibu hesabu ya kijiji kizima.

Lakini nyumba hizo ni chache, na huenda kijiji chako hakimo. Basi katibu wa kikundi awe na daftari. Aandike tarehe mvua ilipoanza na ilipokoma, ekari ngapi zimekauka na kwa nani, saa ngapi kwenda na kurudi kuteka maji, bei ya gorogoro ya mahindi siku ya soko. Nakala moja ipelekwe kwa chifu, nyingine kwa ofisi ya NDMA ya kaunti. Tathmini ya mvua hiyo hufanywa karibu Januari na Februari, kwa hivyo daftari liwe tayari Krismasi ikiisha. Mkilipeleka Machi, mtakuta ripoti imeshaandikwa.