Likizo Ndefu na Mtoto Mwenye Usonji

Mkulima mwema hangoji mvua inyeshe ndipo atafute jembe. Hali kadhalika, mzazi wa mtoto mwenye usonji asingoje shule zifungwe ndipo afikiri atakaa naye vipi.

Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka huja wakati wa kazi nyingi. Wenye kahawa huko Nyeri na Kirinyaga wanachuma. Wenye mahindi huko Trans Nzoia wanavuna. Mama na baba wako shambani tangu alfajiri. Je, mtoto huyu atakuwa wapi?

Kwanza fahamu hali yake. Usonji si laana, wala hautokani na malezi mabaya ya mama. Mtoto huzaliwa nao, na ubongo wake hufanya kazi kwa njia ya namna yake. Wengi wao hutulia mambo yakifuatana vile vile kila siku. Shuleni kengele humwambia saa ya kusoma, ya kula na ya kucheza. Shule ikifungwa, kengele hiyo hunyamaza. Ndipo mtoto hulia, hujipiga au hukataa chakula, na watu husema ni mkaidi. Sivyo, amepotewa na utaratibu wake.

Basi fanya hivi:

1. Kabla ya shule kufungwa, mwulize mwalimu siku ya mtoto hupangwaje, na ni maneno au picha gani hutumiwa kumwelekeza.

2. Chora picha za kazi za siku katika kipande cha katoni: kunawa, kunywa uji, kulisha kuku, kupumzika. Bandika ukutani, chini, mahali anapoona. Kukiwa na safari ya sokoni au wageni, mwonyeshe mapema.

3. Mpe kazi ndogo iliyo yake, hatua moja moja. Aweza kuokota mayai au kumwagilia miche. Apendaye kupanga vitu kwa rangi aweza kutenga kahawa nyekundu na ya kijani. Lakini huyu si kibarua, akichoka, mwache.

4. Mashine ya kupukuchua mahindi yaweza kumwumiza masikio kuliko wewe. Siku hiyo apelekwe mbali kidogo, kwa mtu anayemjua.

5. Watoto wengine wenye usonji huondoka kimya kimya, na wengi huvutwa na maji. Funika kisima, weka ua kuzunguka bwawa, na dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe kwa kufuli. Waeleze majirani jina lake na namna ya kumtuliza.

6. Juma moja kabla ya shule kufunguliwa, aanze kuamka saa za shule. Avae sare, mtembee naye mpaka langoni.

Wako wazazi wanaomfungia mtoto chumbani, hata kwa kamba, ili wapate kwenda shambani. Hawamchukii, wamekosa wa kuwasaidia. Lakini moto ukizuka, nani atamfungulia? Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Afadhali jamaa wapeane zamu: leo shangazi, kesho kaka mkubwa, keshokutwa jirani, kila mmoja akifuata picha zile zile za ukutani. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ikiwa mtoto wako hajapimwa bado, mwulize mwalimu mkuu habari za kituo cha Serikali cha kupima watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianzishwa mwaka 1984, na vimeenea katika kaunti.

Tafuta katoni na kalamu leo. Siku shule zitakapofungwa, mpango uwe umekwisha bandikwa, na mtoto awe ameuzoea.