Kikundi Kidogo na Programu Kubwa: Namna ya Kuliona Kosa Mapema

Watu wengi wanapofikiria kazi ya kutunga programu za kompyuta, humwona mtu mmoja aliyejifungia chumbani usiku, amekodolea macho kioo cha mtambo wake, akiandika maelekezo ambayo hakuna mwingine awezaye kuyafahamu. Picha hiyo ni ya kweli kwa programu ndogo tu. Programu inayoendesha benki, hospitali au idara ya serikali huweza kuwa na mamia ya maelfu ya mistari ya maelekezo, nayo hutungwa na makumi ya watu, pengine mamia. Ugumu wake mkubwa, basi, haumo ndani ya mashine. Umo katika jinsi watu hao wanavyoelewana, na hasa katika swali hili: kosa likifanyika leo, litaonekana lini?

Tutalitazama swali hilo kwa kufuata mkasa wa idara moja ambayo ilishindwa mara mbili kabla ya kufaulu. Idara yenyewe ni FBI, idara ya upelelezi ya Marekani.

Hadi mwaka 2001 sehemu kubwa ya kazi za FBI iliendeshwa kwa makaratasi. Mpelelezi aliyehitaji jalada lililokuwa katika mji mwingine hakuwa na budi kungoja litafutwe na kutumwa. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba mwaka huo, picha za watuhumiwa zilisafirishwa kwenda ofisi za mikoani kwa posta ya haraka, kwa kuwa mitambo ya idara haikuweza kuzituma. Miezi michache kabla ya hapo, Juni 2001, kampuni ya SAIC ilikuwa imepewa mkataba ambao ndani yake ulikuja kuzaliwa mfumo ulioitwa Virtual Case File, yaani jalada lisilo la karatasi. Mahitaji ya wapelelezi yaliandikwa katika kitabu chenye kurasa zaidi ya 800. Ikapangwa pia kwamba siku moja mfumo wa zamani uzimwe na mpya uwashwe, wote kwa mara moja, pasipo njia ya kurudi nyuma iwapo mambo yangeharibika.

Programu ilikabidhiwa Desemba 2003. FBI iliikagua, ikaorodhesha kasoro 17 na kuikataa. Orodha hiyo iliendelea kurefuka hata ikafikia kasoro 59. Msuluhishi alipoitwa, alikuta kwamba 19 kati ya hizo zilitokana na FBI yenyewe kubadilibadili mahitaji yake, na 40 zilikuwa makosa ya kampuni. Mwaka 2005 mradi uliachwa kabisa. Dola milioni 170 zilikuwa zimetumika, na zaidi ya milioni 100 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa zimepotea.

Ni rahisi kusema kwamba watu hao walikuwa wazembe. Mwandishi wa makala haya haamini hivyo. Walifuata utaratibu ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ndio wa kitaalamu: kwanza mahitaji yote huandikwa, kisha mchoro wa mfumo mzima hutengenezwa, halafu maelekezo hutungwa, na mwisho kabisa programu hujaribiwa. Kila hatua humwagikia katika hatua inayofuata kama maji ya maporomoko, nayo maji hayapandi mlima. Mhandisi Winston Royce aliuchora utaratibu huo katika makala yake ya mwaka 1970, na ajabu ni kwamba katika makala hiyo hiyo alionya kuwa kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Wengi waliuchukua mchoro na kuliacha onyo.

Hatari yenyewe ataieleza fundi cherehani yeyote. Fundi mwenye busara hukata kitambaa, akakishikiza kwa nyuzi za muda, kisha humwita mteja ajaribu. Bega likibana, nyuzi hufumuliwa kwa dakika chache. Fundi anayechukua vipimo mara moja, akashona hadi kifungo cha mwisho, ndipo akamkabidhi mteja nguo asubuhi ya harusi, huenda ana mikono mizuri zaidi kuliko mwenzake, lakini kosa la bega litamgharimu nguo nzima. Katika mradi wa FBI, kosa la kutoelewa lililofanyika mwaka 2002 lilingoja hadi mwisho wa mwaka 2003 lionekane, na katika muda huo maelekezo mengine mengi yalikuwa yamekwisha kujengwa juu yake.

Machi 2006 FBI ilianza upya. Safari hii mkataba ulipewa Lockheed Martin, mfumo ukaitwa Sentinel, na kazi ikagawanywa katika awamu nne ili ikamilike Desemba 2009 kwa gharama ya dola milioni 425. Tahadhari ilikuwa imeongezeka, lakini mazoea yalikuwa bado yale yale: awamu zilikuwa ndefu, na mtumiaji aliona kazi ikiwa imekwisha kufungwa. Kufikia Agosti 2010 kiasi cha dola milioni 405 kilikuwa kimetumika kati ya bajeti iliyokwisha kupandishwa hadi milioni 451, na awamu mbili tu ndizo zilizokuwa zimekabidhiwa. Julai ya mwaka huo FBI iliamuru kazi ya awamu zilizosalia isimame.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao kwa mtazamo wa kwanza unaonekana kuwa wa kichaa. FBI iliuchukua usimamizi wa mradi mikononi mwake, na badala ya kuongeza watu ili kufidia muda uliopotea, iliwapunguza. Wafanyakazi wa mkataba walitoka kiasi cha 220 hadi 40, na watumishi wa idara waliokuwa katika mradi walitoka 30 hadi 12.

Wanafunzi wa hisabati wanaweza kuikagua wenyewe sababu moja ya uamuzi huo. Katika kikundi cha watu n, idadi ya jozi zinazoweza kuzungumza ni n(n−1)/2. Watu 5 wana njia 10 za mawasiliano. Watu 10 wana njia 45. Watu 250 wana njia 31,125, na watu 52 wana 1,326. Kweli, si kila mtu huzungumza na kila mtu, na ndiyo maana miradi mikubwa hugawanywa katika vitengo vyenye wakuu wake. Lakini habari inayopita kwa wakuu watatu kabla ya kumfikia mlengwa huchelewa, na mara nyingi hufika imevaa nguo nyingine. Frederick Brooks, aliyeongoza utungaji wa programu kuu ya mitambo ya IBM System/360 katika miaka ya 1960, ambako wakati mmoja watu zaidi ya 1,000 walikuwa kazini, alieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1975: ukiongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi, kwani wageni wanahitaji kufundishwa, na wanaowafundisha ni wale wale waliokuwa wakifanya kazi.

Namna ya kufanya kazi iliyochaguliwa na FBI ilikuwa imekwisha kupewa jina. Februari 2001 wataalamu 17 wa utungaji wa programu walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, wakatoa tamko fupi. Jina walilolichagua lina maana ya wepesi, ule wepesi wa mwili unaomwezesha mchezaji kugeuka mpira unapogeuka. Walikubaliana kwamba mipango, mikataba na maandishi vina thamani yake, ila mbele yake waliweka watu wanaozungumza, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mtumiaji, na utayari wa kubadilika. Katika jamii hiyo ya wepesi imo njia iitwayo Skramu, ambayo jina lake limetoka katika mchezo wa raga, na hiyo ndiyo iliyotumika katika Sentinel.

Katika Skramu mahitaji hayafungwi katika kitabu kimoja kikubwa. Huandikwa kama visa vifupi, kila kimoja kikieleza mtumiaji ni nani, anataka kufanya nini na kwa sababu gani. Visa hupangwa kwa umuhimu wake, na kikundi huchukua vichache ambavyo kinaweza kuvimaliza katika kipindi kifupi. Kwa FBI kipindi kilikuwa wiki mbili. Kipindi kinapokwisha, kilichotungwa huonyeshwa kikifanya kazi kwenye kioo, mbele ya wale watakaokitumia. Kazi iliyofikia asilimia 90 haionyeshwi, kwa maana katika programu asilimia 10 iliyobaki ndiyo mara nyingi hulala na matatizo.

Tuchukue mfano mdogo ambao mwalimu anaweza kuujaribu darasani. Kikundi kimepewa kazi ya kutunga programu ya kukokotoa wastani wa alama. Kabla ya kuandika maelekezo yoyote, wanafunzi waandike majaribio: alama 40, 55 na 70 zikiingizwa, jibu liwe 55. Jaribio la pili: darasa halina mtahiniwa hata mmoja. Hapo programu itataka kugawa kwa sifuri, na ni heri jambo hilo ligunduliwe sasa. Jaribio la tatu ndilo lenye utamu. Mwanafunzi wa nne hakufika kwenye mtihani. Akihesabiwa kuwa amepata sifuri, wastani ni 41.25, asipohesabiwa, ni 55. Jibu lipi ni sahihi? Hakuna ujuzi wa kompyuta unaoweza kulijibu swali hilo. Ni lazima mtu ainuke akamwulize mwalimu wa taaluma. Kikundi kinachoogopa kuuliza kitachagua jibu chenyewe kimya kimya, na shule itakuja kugundua siku ripoti zimekwisha kupelekwa kwa wazazi.

Kila siku kikundi cha Skramu hukutana kwa muda usiozidi dakika 15, mara nyingi watu wakiwa wamesimama ili maneno yasirefuke. Kila mmoja hueleza alichokimaliza, anachokwenda kukifanya, na kinachomzuia. Hilo la tatu ndilo kiini cha mkutano, nalo ndilo gumu. Mtu anayesema mbele ya wenzake kwamba amekwama tangu jana amelifupisha kosa kwa wiki nyingi. Lakini atasema hivyo ikiwa tu ana hakika hatachekwa wala kuandikiwa barua ya onyo. Vipo vikundi vingi vinavyojiita vya wepesi ambavyo vimechukua mkutano wa kusimama na kadi za ukutani, huku mkutano wenyewe umegeuka kuwa mahali pa kutoa hesabu kwa mkubwa. Humo kila mtu husema kazi inaendelea vizuri. Kwa maoni yangu ni afadhali vikundi hivyo viketi, maana kusimama kwao kunawachosha bure.

Sentinel haikuwa safari ya mteremko. Oktoba 2011 mfumo ulijaribiwa na mamia ya wapelelezi na makarani waliouingia kwa wakati mmoja, nao ukasimama mara mbili. Chanzo kilikuwa mitambo iliyonunuliwa miaka ya nyuma, ambayo haikuwa na nguvu ya kubeba mzigo huo. Siku ya kuanza iliahirishwa, mitambo mikubwa zaidi ikanunuliwa. Tofauti na mwaka 2003 ni kwamba mara hii tatizo lilipatikana katika jaribio, mfumo wa zamani ukiwa bado unafanya kazi, na mara likajulikana ni la nini.

Tarehe 1 Julai 2012 Sentinel ilifunguliwa kwa watumishi wote wa FBI. Bajeti ya milioni 451 haikuvukwa, ingawa Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alieleza kwamba hesabu hiyo haikuingiza gharama zote za kuuendesha na kuutunza mfumo. Mkaguzi huyo alirudi tena mwaka 2014 kuwauliza watumiaji. Wengi walisema kazi yao imekuwa nyepesi zaidi. Walilalamikia jambo moja hasa, nalo ni sehemu ya kutafutia habari: jina likiingizwa, majibu yalikuja mengi mno au hayakuja kabisa. Malalamiko hayo yakawa kisa kipya cha kuandikwa.